Taa ya Nyuma ya Paja

Kila mwenye chuma mfupani huwekewa taa chini ya ngozi. Ikiacha kijani ikawaka nyekundu, chuma kimeingia vijidudu, na kwa kuwa dawa hazifanyi kazi tena, mguu hukatwa siku hiyo hiyo.

Taa ya Shelali, fundi cherehani, iko nyuma ya paja. Mkewe, Zamzam, ndiye humtazamia.

"Leo rangi gani, Zamzam?"

"Kijani."

"Basi cherehani yangu bado haijawa mjane," akacheka.

Ilikuwa siku ya nne kumdanganya hivyo. Siku ya kwanza angepoteza mguu tu. Zamzam akaufunika wekundu kwa shuka, akafungua dirisha harufu itoke.

"Funga bwana, mwenzio nasikia baridi."

Nje, jua la saa saba lilikuwa linachoma.