Ndevu za Baba Ukutani

Ilikuwa Jumamosi, saa moja asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakianguka Mbinga. Asteria alifungua ghala la marehemu baba yake, akapigwa na butwaa.

Yeye na kaka yake Osmundi walikuwa wameliezeka upya na kulikandika. Kisha, kwa heshima, Asteria aliichora sura ya baba ukutani. Ndevu alizitengeneza kwa ulezi mkuukuu aliouokota katika nyufa za sakafu, akaubandika kwenye udongo mbichi. Sasa ndevu hizo zilikuwa za kijani. Ulezi ulikuwa umechipua.

Tangu azaliwe hakuwahi kuona jambo hilo. Mbegu zilinunuliwa kila msimu, na mavuno yake yalikuwa tasa: hata yakipandwa hayakuota. Sheria nayo ilikuwa fupi: nafaka ikiota bila kibali, huteketezwa pamoja na jengo lililoitunza.

"Kaka, njoo umwone baba!"

"Kwani kafufuka?" Osmundi aliingia akicheka. Kicheko kikamkauka. "Mungu wangu! Zing'oe, Asteria. Zing'oe zote kabla majirani hawajaziona, la sivyo ghala litachomwa."

"Nimng'oe baba ndevu?"

Mama yao alijipenyeza katikati yao, akagusa chipukizi moja kwa kidole.

"Ulezi wa pombe ya arusi yangu huu," alisema. "Nilidhani umekwisha duniani."



Osmundi alikwenda kutafuta mafuta ya taa ya kuziunguza ndevu hizo. Mama aliketi kizingitini, akanyoosha miguu kuziba mlango. Asteria alichota maji kwa kata, akaanza kuunywesha uso wa baba yake.