Safu ya Nne ya Mananasi

Jumamosi, tarehe 9 Machi 1957, Nyani Madoido bin Mbaraza aliiba nanasi moja, akaliweka barazani kwake. Jumapili aliongeza safu ya mawili, Jumatatu safu ya matatu, ikawa pembetatu ya kupendeza. Jumanne Mbwa, mlinzi wa shamba la mananasi, aliitazama, kisha akajilaza.

"Humfukuzi?" Kasuku alimuuliza.

"Leo ni zamu ya manne, bwana. Atakimbia kwa mguu gani?"

Jioni Nyani alikutwa ameketi shambani, kila mkono na kila mguu umeshika nanasi.

"Tupa moja ukimbie, ndugu yangu!" Kasuku alimpigia kelele.

"Na pembetatu yangu je?"

Mbwa aliung'ata mkia wa Nyani, akaondoka nao.

Kasuku husimulia kwamba Nyani aliponzwa na ulafi. Si sahihi. Mananasi sita yalikutwa barazani, na hakuna hata moja lililomenywa.