Mfuko Wenye Karafuu

Mwatima alilaza shavu kwenye kitako cha bunduki, nami nikauona mfuko wangu.

Ilikuwa bunduki ya upepo, kuukuu, ya chuo chake hapa Guangzhou, na leo alishindana nayo kulenga shabaha. Shavu likilowa jasho, mbao ilimteleza. Wenzake walinunua vitako vipya. Yeye aliniambia, "Usijali, mume wangu, nitabuni kitu."

Kumbe alibandika mfuko wa jinzi, uliotariziwa karafuu kwa uzi wa rangi ya chungwa. Karafuu ile niliichora mwenyewe.

Suruali yenyewe niliivaa mara moja tu, kuijaribu. Ilikuwa sampuli, jinzi iliyopaushwa makusudi ionekane kuukuu. Asubuhi nilimkabidhi laoban, mwenye kiwanda kule Xintang, ikiwa imekunjwa, bila kuikagua, nikamwambia kontena zima lishonwe vilevile. Na mafundi wake hushona wanachokiona, hawaongezi wala hawapunguzi. Wangeanza baada ya chakula cha mchana, yaani wakati wowote sasa.

Simu yangu ilikuwa mlangoni, tulikoagizwa watazamaji tuziache. Lakini ningepiga hatua, sakafu ile ya mbao ingemtikisa, naye alibakiwa na risasi ya mwisho.

Nikasimama palepale, nikazuia pumzi pamoja naye.

Kumi! Katikati kabisa.

Aligeuka akicheka. Karafuu ilikuwa imejichora shavuni mwake, kichwa na kikonyo.

"Nimeikata ile suruali yako kuukuu ya kwenye kiti. Umekasirika?"

Nilimpapasa shavu kwa kidole gumba. Kule Xintang, cherehani zilikuwa zimeshaanza kulia.

"Hata kidogo," nikasema. "Ile suruali ilizidi mfuko mmoja."