Waiteni Ndugu

Siku hizi mtu haruhusiwi kusikia habari za ini lake akiwa peke yake. Jumatatu kifaa changu cha kujipimia nyumbani kiliona uvimbe, kikasema tu, "Waiteni ndugu," kikajizima. Basi Jumamosi wakaja wote hapa kwangu Tanga, kutoka Pangani na Muheza. Pilau lilipikwa kwanza, kama ilivyo desturi, maana habari ya ini haisikilizwi kwa tumbo tupu.

Wakati wa majibu, sheria inataka kifaa kishikwe na ndugu. Akakishika wifi yangu Mwanaidi. Jeli ya kupimia tulisahau kununua, akanipaka mafuta ya nazi tumboni.

"Wifi, unanipima au unanikaanga?" nikamuuliza. Watu wakacheka.

Mawimbi ya sauti yakapita kwenye ini, kifaa kikapiga hesabu zake. "Uvimbe huu si saratani," kikasema. "Hauna madhara. Kaa nao tu."

Nyumba nzima ikalipuka kwa vigelegele. Mume wangu Kibwana alilia mbele za watu bila haya, kisha akajiongezea nyama. Mwanaidi akaanza kucheza na kifaa mkononi, akakipitisha tumboni mwake kwa mzaha.

"Na langu nalo lionekane," akasema.

Kifaa kikapiga hesabu zake tena.

"Waiteni ndugu."

Mwanaidi akaacha kucheza. Tukatazamana, sahani mikononi. Ndugu wote tulikuwa tupo.