Chupa ya Mama Vifungo

Bahasha ilikuwa imekaa kabatini miaka saba, na leo ndiyo ilikuwa inatoka kwa mara ya kwanza. Mama Vifungo aliitia kwenye mkoba, juu ya pakiti mbili za pedi alizoagizwa na binti yake, akafunga zipu na kuondoka kabla moyo haujamgeuka.

Alikuwa anakwenda kumwona Pasi. Majina hayo waliyapata kiwandani, mmoja akishona vifungo vya mashati na mwenzake akiyapiga pasi, meza zao zikitazamana. Sasa Pasi alikuwa na miezi miwili hajafika kazini. Waliomtembelea walirudi wakitikisa vichwa: amekwisha, kabaki macho. Mama Vifungo alijua kinachommaliza. Alikijua siku zote hizo, akanyamaza.

Miaka saba nyuma manesi walikuja kiwandani kupima kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Mtu hukipata kwa tendo la ndoa, walisema, na mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe. Kwa wengine hujificha kimya miaka na miaka, kikiharibu taratibu. Anayegundulika mapema hutibiwa akarudi kazini kwake. Kila mwanamke alipewa chupa yenye jina lake na kijiti chenye pamba, aingie chooni ajichukulie mwenyewe. Msimamizi naye akaongeza lake: atakayekwepa asahau mkataba mpya.

Mama Vifungo, mjane mwenye haya ya kuzaliwa nayo, aliingiwa na ubaridi. Pasi akamcheka, akampokonya chupa.

"Lete hapa. Wewe nenda kashone vifungo vyako."

Alikwenda, nusura akimbie. Hata binti yake, aliyeolewa mtaa wa pili, alipomletea funguo alizozisahau kwake, alimkuta anafumua kifungo alichokishona kombo.

Baada ya wiki tatu bahasha ikaja: kirusi kimeonekana, ni cha aina ya hatari, fika hospitali bila kuchelewa. Mama Vifungo alisoma huku akijua anasoma habari za Pasi. Alitaka kumwambia, kisha akajipa sababu. Pasi naye si kapata bahasha yake? Kama chupa zote mbili ni za mtu mmoja, majibu ni yale yale. Anajua, na akiamua kuficha ni hiari yake. Tena kwenda hospitali kueleza ukweli kungekuwa kujichongea kwa msimamizi.

Jioni ile binti yake alipita kumsalimia, akamuuliza majibu yametokaje.

"Safi," alisema mama. "Hakuna kitu."

Binti akamkumbatia, kisha akaosha vyombo vyote huku akiimba.

Miaka ikapita, Pasi akipiga pasi na kupiga soga, hasemi neno kuhusu majibu yake. Mara nyingine Mama Vifungo alimtazama kutoka mezani pake akajiuliza kama alitibiwa. Hakuthubutu kuuliza. Mficha maradhi kifo humuumbua, watu husema. Hawasemi humfanya nini aliyeyaficha ya mwenzake.

Leo alimkuta Pasi kitandani, ameegemea mito miwili, mifupa ya mabega imemtokeza. Mama Vifungo akaketi ukingoni mwa kitanda, akafungua mkoba. Pasi aliziona pedi akatabasamu, akamuuliza kama ujana umemrudia uzeeni. Mama Vifungo akasema ni za binti yake, siku hizi hana nguvu ya kufika hata dukani. Tangu mwaka jana damu haikati, mwenyewe anasema ni sindano za uzazi wa mpango. Kisha akampa bahasha, na machozi yakamtangulia.

"Nisamehe, dada. Nilijua unaumwa, nikakaa kimya. Woga wangu ndio umekufikisha hapa."

Pasi alisoma polepole, midomo ikichezacheza. Akarudia tangu mwanzo.

"Mimi naumwa sukari," alisema. "Karatasi yangu ilisema sina kitu."

"Haiwezekani. Si ulijaza chupa zote mbili wewe?"

 Pasi alikuwa ameacha kuitazama karatasi, anatazama mkoba uliobaki wazi.

"Nesi alisimama mlangoni mwa choo," alisema, "kila mtu na chupa yake moja. Ningeingiaje na mbili? Binti yako ndiyo kwanza anafika, na zile funguo. Nikamwomba aingie yeye na ya kwako, tukakubaliana tusikwambie, usije ukaona haya. Nilisema, damu yenu si ni moja?"