Baada ya Ukuta Kubomolewa

Gibson alikuwa amepiga magoti katikati ya njia ya roboti, shingo inang'aa jasho, anaokota chupa za manukato zilizodondoka kwenye rafu. Ndipo nikakumbuka ukuta.

Roboti za kubeba mizigo kwenye ghala letu la Dubai hakuna aliyezifundisha kuongea. Ziliachwa zijitungie milio, zikajitungia. Moja ikimwona mtu njiani ilitoa mlio mrefu unaoshuka, na nyingine zote zikasimama. Tuliuamini mlio huo kuliko msimamizi. Tukaacha hata kuzima mitambo tunapoingia.

Kisha ghala likagawanywa kwa ukuta, karibu mwaka mzima. Mimi nimelinda pande zote mbili. Kule kwingine roboti zilikuwa zimeshajitungia mlio wao wa kuonya kuna mtu, mfupi, kama kikohozi. Leo asubuhi ukuta umebomolewa.

"Gibson, yalla, toka humo!"

"Tulia, mzee. Zinaambiana zenyewe." Hakuinua hata kichwa. "Wewe unaogopa mpaka lifti."

Roboti yetu ikasimama kando yake, ikaita. Zile za kule zilikuwa zinakuja zimefuatana, mizigo imeziziba macho. Hazikupunguza mwendo. Kwao ule mlio ulikuwa kelele tu.

Kitufe cha kuzima kiko kwenye nguzo ya mlangoni. Nikakimbia, na magoti yangu haya. Nyuma yangu roboti yetu iliita, ikaita tena, kama mtu anayemwita kiziwi.

Mkono wangu ulikuwa haujakifikia kitufe niliposikia chupa zikipasuka, na mlio ukakatika.