Kababu za Bi Paa

Palikuwa na Chui aliyemwacha Bi Paa hai kwa sababu moja tu: kababu zake. Kila alasiri alipita kwake, akazila zingali moto.

"Bi Paa, hii nyama ya nani?" akauliza siku moja.

"Si nyama, bwana. Ni fenesi changa na bizari."

"Mimi Chui nisijue nyama?" Akaona anafichwa, utamu ule hauna budi kuwa wa paa. Akamrukia, akamla.

Nyama yake ilikuwa ngumu, haina ladha. Chui akakimbilia jikoni, akafunua sufuria: vipande vya fenesi, vibichi. Akavitafuna, utomvu ukamganda menoni.

Akakaa mbele ya jiko mpaka makaa yakawa majivu, akiita, "Bi Paa wee, hivi vinapikwaje?"